Sola za Kuazima

Hii habari sijawahi kuisimulia mwenyewe. Huwa wanaisimulia wengine mimi nikiwa nimekaa hapo hapo, kwenye harusi, msibani, mpaka siku moja kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku, halafu wananigeukia, "Si ndivyo, Mama Elia?" na mimi naitikia tu, kwa sababu ndivyo. Ila wao huishia pale panapochekesha. Leo acheni niiseme kwa mdomo wangu mpaka mwisho.

Kijiji chetu kiko ndani huko wilayani Mbozi, ukishapita Isansa, nguzo za umeme zimeishia barabarani, kwetu hazijafika. Sasa ikaja taarifa kwamba unapangwa mpango wa umeme wa jua wa wilaya nzima, wataalamu watapita kijiji kwa kijiji waone wapi pana shida zaidi, na penye shida zaidi ndipo watakapoanza kufunga, zahanati kwanza. Ikaundwa kamati, mimi nikawa katibu wa kujaza fomu za kila kaya (kwa ajili ya mwandiko, wala si kwa akili, mtajionea). Na shida tulikuwa nayo jamani. Nesi wetu, Skola, anazalisha kwa tochi ya simu, simu yenyewe kaibana kwa meno ili mikono ibaki huru, na dawa za chanjo hatuna pa kuzilaza, zinafuatwa kwa bodaboda siku ya kliniki, mvua ikiharibu njia watoto wanarudi nyumbani hawajachomwa.

Lakini mimi nina ugonjwa mmoja, siwezi kumwonyesha mgeni umaskini. Ndivyo tulivyolelewa huku, mgeni akija unaazima viti, unaazima vikombe, hata jogoo unaazima, akiondoka unarudisha, na hakuna anayeuita uongo, ndiyo heshima yenyewe. Halafu kuna wageni waliwahi kuja wakapiga picha watoto wetu na makamasi yao, iliniuma sana ile. Nikasema safari hii makamasi hawayapati. Nikampigia mdogo wangu Jofrey, ana duka la sola Chapwa, pale Tunduma, anauzia mpaka Wazambia, nikamwomba paneli moja kwa siku moja tu, niipandishe juu ya zahanati wageni waone na sisi tumeamka. Akaniuliza ataiuzaje tena ikishapanda paa. Nikamwambia haitaguswa, hata nailoni yake sitaitoa.

Ingeishia moja ningekuwa na nafuu. Mwenyekiti wa kijiji alipoiona inashushwa kwenye gari akasema haiwezekani zahanati ipendeze ofisi yake ibaki uchi, basi Jofrey akaleta ya pili, mchungaji naye akauliza kwa upole kwani kanisa si la kijiji, ikaja ya tatu, na ya nne nikaiweka kwangu (hapo sina cha kujitetea). Tukazifunga kwa mipira ile ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Fundi hakuna, betri hakuna, waya upo zahanati tu, kipande nilichokipitisha dirishani kikaishia nyuma ya pazia, nimekifunga fundo kwenye pazia lenyewe kisidondoke.

Nesi Skola akaniuliza, "Mama Elia, wakikuta tunayo, watatuletea ya nini?"

Nikamwambia wewe mambo ya wageni huyajui, mtu husaidia aliyekwisha kujiongeza. Nilimjibu kwa ukali, mbele ya watu.

Siku yenyewe wakaja watatu, kiongozi wao dada mmoja mpole, ana miwani na mabuti ya mvua, kila kitu anakiingiza kwenye tableti. Kijiji kizima tuko pale zahanati. Akatazama juu, akauliza ile sola ilifungwa lini. Hapo ndipo ningesema kweli mambo yakaisha, lakini nikasema ina kama miaka miwili. Akaomba tuwashe taa. Nikasema betri haipo. Iko wapi? Ulimi ukanitangulia, nikasema tumeipeleka Vwawa kuchajiwa.

Akavua miwani. Akauliza taratibu kwa nini betri ya sola isafiri mpaka Vwawa kufuata umeme wakati jua liko hapa. Nikamjibu jua la huku lina mawingu. Watu nyuma yangu wakaanza kucheka chinichini, mwenyekiti anakohoa kikohozi kisichokuwepo, na mimi badala ya kunyamaza nikaendelea kueleza habari za mawingu ya Mbozi, yanakotokea na yanakokwenda, na nikiwa katikati ya mawingu yangu ukaja upepo wa mvua, ule wa mchana, ukaingia chini ya paneli, mpira mmoja ukakatika, paneli ikateleza bati lote ikadondoka kwenye tuta la viazi la nesi. Ikaondoka na waya wake, na waya ukaondoka na pazia. Walipoigeuza, nailoni iko pale pale, na kona zote nne bado zina makaratasi magumu ya dukani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, mchungaji akaenda kuchekea nyuma ya choo.

Wenzangu huishia hapo.

Yule dada hakucheka. Akaniuliza habari za zile paneli nyingine tatu, nikamwambia nazo ni hivyo hivyo, nikamweleza yote huku nalia, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza fomu za kaya za kijiji kizima nani alizijaza. Nikasema ni mimi. Na zile nilizijaza kwa haki kabisa, wiki mbili natembea nyumba kwa nyumba, lakini ningemwapia kwa lipi?

Ndipo nesi Skola akatoka ndani na daftari lake. Daftari hilo analiandika tangu ahamie kwetu, kila mama aliyejifungua gizani, siku na saa, simu ilizima katikati au haikuzima, na wale wawili ambao watoto wao hawakulia. Alilikabidhi kwa mikono miwili. Yule dada akalifungua, akasoma kurasa kama tatu, akaniangalia mimi, halafu akamuuliza nesi kwa sauti ya chini, "Na hili liliandikwa lini?"

Skola alilichukua daftari lake, akalifunga, akarudi ndani kwa wagonjwa.

Kijiji chetu kikaandikwa kwamba taarifa zake hazijathibitika, tukarushwa mpaka awamu nyingine ambayo mpaka leo hatujaisikia. Sola wakafungiwa wenzetu wa ng'ambo ya mto, wala siwaonei wivu, wao walionyesha walichokuwa nacho, nacho kilikuwa giza. Wajawazito wetu siku zikikaribia wanavushwa kwenda huko kwa bodaboda, na wengine hawawahi. Nimeandika barua wilayani mara mbili, kwamba kosa ni langu na daftari la nesi ni la kweli. Sijajibiwa.

Tangu siku ile siazimi hata kijiko. Mgeni akija kuniuliza tunapikia nini, nampeleka jikoni nikiwa nimeshachochea kuni, moshi umweleze.

Skola hajawahi kunisema, na afadhali angenisema. Daftari bado anaandika, ila siku hizi kila akiandika anaita mtu aweke sahihi ya ushahidi. Mke wa Elia wangu alipojifungua, mimi ndiye niliyeshika tochi, mwanzo mpaka mwisho, mkono ukafa ganzi. Skola akaandika, akanipa pole na hongera ya mjukuu, kisha akatoka nje na daftari kutafuta mtu mwingine wa kuweka sahihi.