Miduara ya Mwanga Kifuani mwa Mtoto

Juma lililopita, kwa fundi wa picha ninayemsaidia kazi hapa Kitale, aliingia bibi mmoja wa Bokoli pamoja na mkaza mwana wake aliyebeba mtoto mchanga. Mtoto alikuwa akilia tangu kuzaliwa. Kwao mtoto wa namna hiyo hutajiwa majina ya wazee waliofariki, mpaka anyamaze kwa lile analolitaka. Walikuwa wametaja mengi bure, na sasa mtoto alikataa hata kunyonya.

Fundi aliwapa picha aliyokuwa amewapiga nyumbani kwao. Ndani yake walikuwa wamesimama mbele ya kaburi la mume wa bibi, jua la jioni likiwa nyuma yao. Kutoka juu ya kaburi, miduara mitano ya mwanga ilishuka kwa mstari hadi kifuani mwa mtoto.

"Hiyo ni jua tu imeingia kwa kamera, kukhu," fundi alimwambia bibi. "Si nilikuambia mgeuke? Ukakataa, ati kaburi itabaki nje."

Bibi aliifuata miduara kwa kidole, kisha akakiondoa haraka kama aliyegusa jiko.

"Huyu hatukumtaja," alisema.

"Tulimuogopa, mama," mkaza mwana alijibu. "Si alikufa na hasira na sisi?"

Bibi aliinama sikioni pa mtoto, akataja jina la mumewe. Kilio kikakatika. Mtoto akageuza uso, akatafuta ziwa la mama yake.

Fundi aliifunga picha kwa karatasi, akaifungua, akaitazama tena.

Kabla sijatolewa shule nilifundishwa kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo namwamini fundi. Ila mwalimu hakutuambia unaelekea kwa nani.