Fundi Bati na Bawa la Ndege

Jumamosi nilikwenda Ngamiani kununua jiko la mkaa, nikamkuta fundi bati ameinamia simu ya binti yake, aliyekuja likizo kutoka Ulaya anakofanya kazi kwenye kiwanda cha ndege.

Kwenye video, mkono wa roboti ulikuwa ukitoboa bawa na kupiga ribiti, misumari ya kuunganisha bati. Ukamaliza, ukajibadilishia kifaa wenyewe, ukahamia kwenye mkia.

"Kama mimi," akasema mzee. "Asubuhi majiko, mchana makarai." Halafu akanywea. "Sasa mwanangu, wewe wamekuachia kazi gani?"

"Subiri, baba."

Roboti ikajivuta pembeni. Akaingia mwanamke mwenye koti jeupe, akatega sikio, akaligonga bawa kwa kifundo cha kidole, ko, ko, kusikiliza kama limeshika. Alikuwa binti yake huyo huyo.

Mzee akaruka kutoka kwenye kigoda. "Hiyo yangu hiyo! Kakufunza nani?"

"Si nimekua nikikuona hapa?"

Mzee akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaligonga jiko langu, akasikiliza, akanikabidhi.

Nimepanda ndege mara mbili maishani, zote nimeng'ang'ania kiti. Safari ijayo nitalala.