Samaki Hawavuliwi kwa Ajili ya Picha

Saa moja asubuhi, Mama Vifaranga amepiga magoti ukingoni mwa bwawa, mkono umezama hadi kwenye kiwiko. Akikiona kiganja chake, maji hayana rutuba. Kisipoonekana, maji yamekuwa ya kijani na samaki wana cha kula. Leo hakionekani.

“Wameshiba,” anasema. “Wakiniachia wiki sita tu, navuna.”

Wanaotakiwa kumwachia ni wageni. Miaka miwili iliyopita, shirika moja la hisani lilimchimbia bwawa mjane huyu mwenye watoto wanne na kumpa vifaranga elfu moja vya samaki. Hilo ni jema, naye hachoki kushukuru. Kisha likasimamisha bango kubwa kuliko mlango wa nyumba yake.

Balaa lilianza na ziara. Wafadhili huja saa saba mchana, jua la utosini, na kila mmoja anataka picha akiwa ameshika samaki. Wavu unaburutwa, tope linatibuka, samaki wanapita mkono kwa mkono huku wakitweta. Wageni wakishaondoka, samaki wanaanza kuelea, matumbo juu. Ziara ya kwanza walikufa sitini. Ya pili, mia moja na arobaini, wote wadogo wasiouzika. Ripoti ya shirika, ambayo nimeisoma kwa macho yangu, ilisema ziara ilifana sana.

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Hawakusema kutoa ni kamera.

Mwezi uliopita msimamizi wa mradi alileta habari za ziara ya tatu. Mama Vifaranga alimwomba wageni waje asubuhi kungali baridi, wasimame ukingoni, yeye atupe chakula na samaki wapande juu wenyewe. Msimamizi akasema picha ya namna hiyo haina mvuto. Mama akakataa wavu.

“Fadhila za punda ni mateke,” msimamizi akamwambia.

“Mwanangu, chakula cha wanangu ndicho hicho mnachokiburuta,” akajibu.

Wiki hiyohiyo jina lake likafutwa kwenye orodha ya wanaopewa chakula cha samaki. Mama mkwe wake alilia, akiogopa nyumba italala njaa. Shemeji yake alitania kwamba samaki wangekuwa na akili wangedai malipo ya picha. Mama Vifaranga alichukua beseni, akaanza kuchanganya pumba na mashudu mwenyewe.

Pembeni amechimba kibwawa cha samaki wazazi. Akivuna, atawapa majirani watano vifaranga mia mia, bure, kwa sharti moja: kila mmoja naye ampe mwenzake vikizaana.

Namuuliza kama atakwenda kuwatembelea.

“Nitakwenda, asubuhi. Nitatumbukiza mkono. Nisipokiona kiganja, narudi zangu nyumbani.”