Siku Niliyolinyima Jitu Nyumba

Nikikumbuka siku hii nikiwa peke yangu jikoni, huwa nafunika uso kwa kanga, kwa hivyo chekeni sasa mmalize, halafu mnisikilize.

Jumapili baada ya kanisa, mimi na marafiki zangu wawili, Kibe na Mueni, huwa tunacheza mchezo wa kuigiza uani kwetu Riruta, kwenye ploti ya mama ya nyumba za kupangisha. Kila mmoja ana mhusika wake (Mueni ni jitu, Kibe ni mbilikimo mwenye shoka), tunatupa dadu kuona nani amefaulu, nami ndiye msimulizi, naigiza watu wengine wote. Mwanzoni majitu yalikuwa ya kuuawa tu, unaliona, unalipiga, unaendelea na safari, mpaka Mueni akauliza, "Lakini hii jitu yangu imekosea nani?" Basi nikaamua Jumapili hiyo jitu lake liingie mjini kutafuta nyumba ya kupanga, tuone.

Nilihitaji mlinda lango mwenye chuki ya kawaida, ile ya mtu mzuri tu anayekupa chai. Hapo ndipo nilipojitia mashakani: nikachukua sauti ya mama. Mama yangu ni mkarimu, Mungu ni shahidi, lakini mtu akija kuuliza nyumba, kabla hajaonyeshwa hata mlango, ataulizwa jina la pili (si mnajua, la kwanza ni la ubatizo, halisemi kitu, la pili ndilo linasema kwenu ni wapi, na wewe ni kabila gani). Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikajifunga leso yake, nikavaa sufuria kichwani kama kofia ya vita, nikapanda stuli nikaipa geti mgongo, na wapangaji wakaacha kufua waone sinema.

"Jina lako la pili ni nani?" nikanguruma. "Aaa! Nyinyi hatuwapangishii! Mkipewa chumba kimoja mnaleta kijiji kizima, na kelele, na harufu ya samaki!"

Watu wakacheka, kisha wote wakainamia nguo zao, na Mueni akawa ananikonyeza kama aliyeingiwa na mdudu jichoni. Nikageuka. Getini alisimama dada mmoja mrefu, mrefu kweli, mkoba kifuani.

"Ni mimi nilipiga simu juu ya nyumba," akasema polepole. "Grace. Grace Akinyi. Lakini nimeskia." Akinyi, jina la watu wa ziwani, kwenye samaki.

"Si wewe, auntie!" nikapiga kelele. "Nilikuwa naambia jitu!"

(Mwambie mtu mrefu vile, uone.) Nikaruka nimkimbilie, sufuria ikanishukia machoni, nikakanyaga leso, nikajikuta nimeketi ndani ya beseni la mpangaji mmoja, maji ya sabuni mpaka kifuani. Nilipoinua sufuria, mama alikuwa nyuma ya Grace, Biblia kwapani, na nilimwona usoni kwamba alikuwa amesikia yote, na sauti ile ameitambua.

Nililia, wenzangu, na si kwa ajili ya beseni. Nilikuwa nimemwaibisha mama mbele ya wapangaji wake, na nimemfukuza mtu ambaye hata hatujamsalimia.

Grace hakuondoka. Alikuja akanivuta mkono, nikasimama nikichuruzika maji. "Hiyo swali nimeulizwa Kabiria, nikaulizwa Kawangware," akasema. "Leo ndio mara ya kwanza naiskia ikichekwa." Akamgeukia Mueni, aliyekuwa bado amesimama mbele ya stuli. "Na hiyo jitu, ilipata nyumba?"

Nikamwambia bado, dadu haijatupwa.

Mama hakunitazama. Alipangusa Biblia yake kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Imepata," akasema. "Wacheni kurusharusha vitu. Grace, kuja nikuonyeshe. Maji huku hupotea Jumatano, nisikudanganye."

Tangu siku hiyo nimeapa, stuli sipandi tena, na nikiigiza mtu naitazama geti. Mlinda lango tulimpa Grace, anatukatalia sote kila Jumapili kwa sauti ya mama yangu kabisa. Mama naye hukaa mlangoni akichambua sukuma wiki, na akisikia Grace amelegeza, humsahihisha.

"Hapana, Grace. Mimi nilikuwa mbaya kuliko hiyo."