Mkono wa Kushoto wa Mzee

Karakana yetu fundi ni mimi, hata misumari inajua. Mzee wa meza ya pili, yeye miaka ishirini anakata mbao zinapinda, ulimi nje, jasho puani, na mimi namuuliza, "Mzee, huo mlango au upinde?" Juzi mkono wake wa kulia ukavimba, akashika msumeno kwa kushoto. Ubao ukatoka umenyooka kama uzi! Akakata wa pili, akacheka kama mtoto, halafu kicheko kikakatika. "Mdogo wangu, utotoni mama aliufunga mkono huu wa kushoto kwa kamba, eti nizoee wa kulia. Leo ndiyo nimejijua, na magoti yameshagoma." Mimi mwenye mdomo nikamsogezea mabaki ya mbao. Kutwa nzima alikata vipande vya kutupwa, vyote vimenyooka, na hakuna aliyeviagiza.