Nyota Iliyokaribia Kuninyima Shule

Enzi zetu pale Msanzi, kipupwe kilikuwa kipupwe kweli, si haka kabaridi ambako vijana wa leo wanakapiga picha. Likizo ya mwezi wa sita ilikuwa ya kupura ulezi. Tulipura mchana kutwa juu ya mwamba, makapi yakituingia shingoni na kutuwasha, na jioni tulikaa palepale tukichoma viazi na kunywa togwa. Utamu ule sijauonja tena.

Hapo ndipo nilipoiona. Juu kidogo ya Msalaba wa Kusini, upande wa kushoto, palikuwa na nyota isiyometa kama nyingine. Ilikuwa na ukungu, kama punje iliyobaki na unga. Nikamwambia mama. Mama aliamini kila balaa la msimu ule linatokana na makapi, basi akanishika kichwa na kunimwagia maji machoni. "Angalia ungo, acha kuangalia juu!"

Kesho yake ukungu ulikuwepo. Ndugu zangu waliitupia jicho tu, wakasema ni nyota kama nyota. Nami, mbishi tangu tumboni, sikunyamaza. Ubishi ukaniponza: baba akatangaza kwamba likizo ikiisha nitabaki nyumbani hadi macho yapone. Nililia sana, maana shule niliipenda kuliko viazi vya kuchoma.

Siku ya mwisho ya Ramadhani akaja Mzee Salum, mwenye duka na lori kule Sumbawanga, kununua ulezi. Jua lilipozama alipanda mwambani na darubini yake kuutafuta mwezi wa Idi. Akauona, akafuturu kwa togwa yetu, uso umemchangamka. Giza liliposhika nikajipa moyo.

"Shikamoo, mzee. Naomba uitazame na ile pale."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama. Akafuta vioo, akatazama tena. "Baba Skola, nyota zote hizi ni kali kama ncha ya sindano. Hii tu ndiyo donge. Mtoto wako ana macho kuliko sisi."

Baba akaichukua darubini, akakaa nayo mpaka mkono ukamchoka. "Kumbe!" akasema. Kwa mtu mkaidi kama baba, hiyo ilikuwa hotuba nzima. Nilijipigia vigelegele mwenyewe! Shule ilipofunguliwa nilichagua dawati la nyuma kabisa, makusudi.

Ukubwani nilichungulia kwenye darubini kubwa, na lile donge likafumuka: nyota juu ya nyota, mamilioni, zimesongamana kama mpira. Wataalamu huliita fungunyota tufe. Nilicheka peke yangu hadi watu wakageuka.

Siku hizi taa za mji zimemeza nusu ya anga, na wanangu wakitaka nyota huinua simu, simu ikawatajia. Wanalijua jina kabla hawajakaza macho. Mimi niliiona ikiwa haina jina, nikaitetea mbele ya ukoo mzima, nikashinda.