Jina Kwanza, Mlangoni pa Wagonjwa

Mwaka nilioanza ukunga tulikula nyama mpaka tukaikinai. Sotoka ilikuwa inaua ng'ombe, zizi zima linalala chini kwa asubuhi moja, nasi tulitafuna huku tunalia. Siku ya kwanza mama mkwe wangu, mkunga mkuu wa Busale, aliniketisha nyuma ya mzazi nimshike kiuno. Mtoto alipokataa kutoka, akamwamuru mzazi ataje wanaume wote aliolala nao. Ndiyo ilikuwa dawa ya uchungu mgumu: kutaja. Yule mama hakuwa na wa kumtaja ila mumewe. Akamtaja shemeji yake, uongo mtupu, ili tumwachie. Mtoto alitoka. Nyumba ikavunjika.

Baadaye misheni wakanichukua nyumba yao ya wagonjwa. Bibi Mganga, Mdachi, yaani Mjerumani, mrefu asiyecheka, alinifundisha kuchemsha mkasi wa kukatia kitovu, na kungoja kondo la nyuma, lile linalomfuata mtoto, bila kulivuta. Kazi aliijua. Lakini mlangoni alikaa Mzee wa Kanisa, mtu wa kwetu, na amri yake: asiye na mume ataje kwanza aliyempa mimba. Kumbe dawa ya mama mkwe imevaa kanzu. Wasichana wakaacha kuja. Walikunywa mizizi huko migombani, wakafia hukohuko, na sisi tukaambiwa ni homa.

Mmoja alifika, Tusekile, bibi yake amembeba mgongoni. Mizizi ilikuwa imetoa mimba nusu, na damu iliwafuata njia nzima. Mzee akalaza fimbo yake mlangoni.

"Jina kwanza, mama. Muulize."

"Sitamuuliza. Mimi mkunga, si baraza."

"Mikono yako itanuka dhambi."

"Kinachonuka ni damu iliyokaa, baba. Sogeza fimbo."

Bibi Mganga akageukia dirisha, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Fanya upesi. Mimi hapana ona."

Tukaivuka fimbo, nikatoa mabaki kwa vidole, nikamkanda tumbo mpaka kizazi kikawa kigumu kama ngumi. Ndivyo damu inavyokatika, wajukuu zangu mnaojifunza, shikeni hilo. Aliishi. Mama yake hakuja kumwona.

Mimi nilifukuzwa kazi, nikaondolewa na mezani pa Bwana. Mchana wanawake walipita kwangu wakitazama migomba. Yakiwafika, waliingilia uani. Wakishapona, njia wameisahau. Nikipika wali, mkono mwingine hauingii sahanini. Niliowapokea duniani wanajaza uwanja wa Ndandalo, tena wazima, wana meno ya kunisengenya.

Sasa vidole vinatetemeka, nimeacha kazi. Mnaniuliza kama upweke ule haukuwa na dawa. Ilikuwapo, na niliwahi kuletewa mpaka barazani.

Ilikuwa wakati wa vita, Wadachi wanafunga mizigo. Mzee yuleyule akaja, safari hii bila fimbo, akaketi kwenye kigoda changu. Ndani, nyuma ya mkeka, msichana mwingine alikuwa anagugumia kwa maumivu.

"Dada," akasema, na tangu hapo mwanzo hakuwa amewahi kuniita dada, "rudi mezani. Nitasema neno, wanawake watakula nawe tena. Huyo aliye ndani, muulize jina tu."

Niliwaza sahani yenye mikono mingi. Nilitamani, sitawadanganya. Kisha nikasimama, maji yalikuwa yamechemka.

"Sitamuuliza. Mimi mkunga, si baraza."